Honoré na Mashimo Sita

Ukitoka Sake ukapanda mpaka Masisi, kisha ukashuka upande wa Walikale, pale vilima vinapokwisha na pori linaanza, miaka ile haungepita vijiji viwili bila kukuta mulango, kitanda ao benchi ya kanisa yenye asili yake ilikuwa Honoré Kanyamibwa. Siyo kwamba alipasua mbao zote hizo yeye mwenyewe. Alifundisha wale wenye walizipasua, na hilo njo lilimufurahisha zaidi.

Alikuwa mutu wa Kashuga, murefu na mukavu, bega la kuume limeshuka kidogo kwa sababu ya kubeba musumeno. Musumeno wenyewe, ule wa watu wawili, ulimushinda yeye urefu. Aliufunga ndani ya maganda ya mugomba, na akitembea ulikuwa unachezacheza nyuma yake. Watu wakiona kitu kinachezacheza kule juu ya kilima wanasema, "Fundi huyo, anakuja," na wamama wanaanza kutafuta muhogo wa kumupikia.

Kazi aliijifunza kijana, kwa Bruda mumoja wa misioni mwenye alikuwa anajenga makanisa. Upasuaji wa mbao uko hivi: gogo linalazwa juu ya shimo, mutu mumoja anasimama juu ya gogo, mwengine anaingia chini shimoni, na musumeno unapanda na kushuka kati yao. Bruda alimutia Honoré chini. Miaka munane alikaa chini, unga wa mbao unamwangukia machoni na ndani ya shingo, mpaka siku moja Bruda akamwambia panda juu. Kisha ikaja uhuru wa 1960. Bruda akaenda zake, na wazungu wenye walikuwa wanauza mbao kwenye mashamba wakaenda pia. Watu wakabaki na nyumba bila milango. Njo wakaanza kumwita Honoré. Mwanzoni aliwapasulia. Kisha akaona kwamba akimaliza kijiji kimoja, vitano vinangoja, na akasema: afazali nifundishe watu wawili hapa, halafu niende.

Kufundisha kwake kulikuwa na desturi moja. Hakufundisha mutu mwenye hakuomba. Akifika mahali, alikaa tu, alipiga tupa meno ya musumeno, alisalimia watu. Mwenye kutaka kujifunza alikuja na kibuyu cha kasiksi, pombe ya ndizi, wakakunywa, kisha Honoré akauliza: "Unataka kupasua nini?" Mutu akijibu, "Nataka kujua tu, Fundi," alimurudisha nyumbani akafikiri. Lakini akisema mulango, ao kitanda cha mama yangu, ao sanduku la baba maana hali yake si nzuri, basi kesho yake asubuhi wanachimba shimo. Honoré alikuwa anasema mukono ukichoka, kile kitu mutu anakitaka njo kinaendelea kuvuta. Miaka munane alitembea hivyo, na jozi za wapasuaji zenye aliacha nyuma yake hakuna mutu aliyezihesabu.

Sasa, mwaka wa 1968 alirudi Kashuga kutoka safari ya Walikale. Bibi yake, Annonciata, alikuwa anachambua maharagi mbele ya nyumba, na mutoto mudogo amekaa kando yake juu ya mukeka, amekaa vizuri kabisa, bila kushikiliwa.

"Karibu, Baba Hélène," Annonciata akasema bila kuinuka. Hélène alikuwa binti yao wa kwanza. "Huyu anaitwa Pierre. Iko na miezi sita. Munaweza kusalimiana."

Honoré akatua musumeno pole pole. Alipoondoka, mimba ilikuwa bado ndogo.

"Mama Hélène, njia ya Walikale…"

"Njia naijua. Njia haina kosa. Unafundisha watu ya inchi yote, na hawa wane wako, nani anawafundisha? Mimi na kuku?"

"Nitapumuzika nyumbani sasa."

"Mwaka jana ulipumuzika siku tisa." Akatupa maharagi mabovu pembeni. "Baba Hélène, sitaki kugombana. Nilijifungua peke yangu na sikukufa. Lakini watoto wanataka baba mwenye iko na nyumba. Tafuta kazi ya kukaa mahali pamoja, sisi tutakufuata, hata porini. Kama haiko, mimi nitarudi kwa ndugu zangu na watoto, na wewe utakuwa unatusalimia kule ukipita."

Aliyasema kwa sauti ya chini, na kwa sababu hiyo Honoré alijua kwamba yamekwisha kupimwa siku nyingi. Usiku alilala, lakini si sana.

Haikupita mwezi, dereva wa lori akamuletea barua. Ilitoka kwenye kambi moja ya madini ya bati karibu na muto Lowa. Yule aliyeiandika alikuwa Shefu Benoît, mukubwa wa shantiye, ni kusema mahali pa kazi pale. Alikuwa ameona jozi moja ya wapasuaji wakifanya kazi kijijini, akauliza nani aliwafundisha. Kampuni ilitaka mufereji mukubwa wa mbao wa kuleta maji ya kuoshea madini. Haikutaka kununua mbao mbali tena, ilitaka watu wake wenyewe wajue kupasua. Basi Honoré aje awe monitere, mwalimu wa kazi wa kampuni. Watu kumi na wawili, majuma sita. Kama mwisho wa majuma sita mufereji unashika maji, atapewa kontra, karatasi ya mapatano ya kazi, na nyumba ya matofali, na jamaa yake itakuja. Kama maji yanamwangika, kila mutu na njia yake.

"Majuma sita," Annonciata akasema alipomaliza kusomewa na Hélène.

"Mimi ninafundisha jozi kwa majuma matatu," Honoré akajibu. "Wakinipa sita, ni kwamba hawanijui."

Akacheka, na Annonciata akacheka naye kidogo, ya kwanza tangu arudi.

Kambi ilikuwa na kengele, chuma cha reli kilichotundikwa kwenye muti. Kila mutu alikuwa na namba. Honoré naye akapewa yake, 318, imeandikwa juu ya kipande cha bati. Siku ya Kwanza asubuhi, kengele ikalia, na watu kumi na wawili wa liste, orodha ya Kampuni, wakasimama mbele yake kwenye shantiye ya mbao, kwa mustari. Wengine walikuwa watu wa vilima vya Masisi, wengine watu wa pori wa Walikale. Misumeno sita mipya ilikuwa imelazwa chini, magogo ya muti wa libuyu yanangoja.

Honoré akawasalimia mumoja mumoja, akauliza habari za nyumbani. Kisha akakaa juu ya gogo, akatoa tupa, akaanza kunoa meno ya musumeno wa kwanza.

Wale kumi na wawili wakaangalia. Alipomaliza wa kwanza akachukua wa pili. Saa sita kengele ikalia, wakaenda kula. Mangaribi ikalia tena, wakaenda kulala. Siku ya Pili vile vile. Siku ya Tatu misumeno yote sita ilikuwa imenolewa mpaka inaangaza, naye Honoré akaanza kuinoa upya. Moyoni alikuwa anajisemea kwamba watu hawa ni wenye haya sana. Hata mumoja hajasema kitu.

Siku ya Ine Shefu Benoît akapita. Alikuwa mutu munene mwenye kutembea haraka, kalamu mbili ndani ya mufuko wa shati.

"Papa Honoré, mbao ziko wapi?"

"Bado, Shefu."

"Shimo?"

"Bado kuchimba."

Benoît akaangalia misumeno, akaangalia watu, akaangalia mawingu. "Munangoja nini? Mvua?"

"Nangoja waombe."

"Waombe nini?"

"Kufundishwa."

"Papa, hawa wako kwa liste! Waombe nini tena?" Akageukia mustari. "Na nyinyi! Munangoja nini?"

Mumoja akajikuna kichwa. Huyo ni Nestor, mutu wa Masisi, mufupi mwenye mabega mapana. "Amri, Shefu. Tunaona anapiga tupa tu. Tukasema, mukubwa akitaka kitu, si atasema?"

"Mimi nilifikiri ni mugonjwa," mwengine akaongeza. Huyo Gustave, wa Walikale, mwenye mikono mirefu. "Nilitaka kumuletea dawa."

Mustari wote ukapasuka kwa kicheko, na Honoré akacheka kushinda wote, mpaka akashika mbavu. Siku ine! Yeye anawangoja wao, wao wanamungoja yeye. Benoît peke yake hakucheka.

"Siku ine za Kampuni," akasema.

"Kosa ni langu, Shefu," Honoré akajibu, akapangusa macho. "Majuma sita yangu yako pale pale. Usitie wasiwasi."

Basi akabadili. Akaanza kuamuru kama wanavyoamuru kambini. Mashimo sita yakachimbwa kwa siku mbili. Jozi akazipanga kwa liste, namba na namba yenye kuifuata, na hivyo Nestor akaangukia kwa Gustave. Akawaonyesha kamba yenye kuchovywa kwenye unga wa makaa, namna ya kuivuta na kuiachilia ili ipige mustari mweusi juu ya gogo. Akawaonyesha kabari ya kufungua njia ya musumeno. Yote aliyasema vizuri, na yote waliyatenda, maana waliambiwa.

Na mbao zikatoka mubaya. Huku nene kama mukono, huku nyembamba kama jani la mugomba. Hakuna mutu alitaka kuingia shimoni. Gustave alisema wazi: "Kwetu, mutu akiwa ndani ya shimo na vitu vinamwangukia juu, watu wanalia na wanaimba." Nestor akamujibu, "Ingia tu, tutakuimbia." Mwenye kuwa chini alivuta kwa hasira, mwenye kuwa juu alisukuma kwa nguvu ili amalize haraka, na musumeno, ukishikwa na watu wawili wenye kugombana, unaacha mustari na kwenda kwake. Mwisho wa juma la tatu Benoît akaamuru waunganishe mbao ine, wamimine maji. Maji hayakukaa hata kidogo. Yalipita kati ya mbao kama hakuna kitu.

Benoît akasimama akaangalia matope yale. "Papa Honoré, mimi njo niliandika jina lako kwa Direkteri, mukubwa wa Kampuni. Mimi."

"Najua."

"Majuma matatu yamebaki."

"Nilikwisha kukuambia, mimi ninafundisha kwa majuma matatu," Honoré akasema. "Sasa njo naanza."

Siyo kiburi. Yeye mukono wake aliujua, na siku zile zote alikuwa anaangalia watu wale, si mbao. Aliona kwamba hawakosi nguvu wala akili. Hawakuwa na kitu cha kupasua. Mufereji ulikuwa wa Kampuni. Mwenye kuvuta alikuwa anavutia kengele.

"Shefu, nisaidie kitu kimoja. Ubao wa kwanza wa kila gogo, ule wenye ganda upande mumoja, munaufanyia nini?"

"Unachomwa jikoni."

"Uache wapewe watu."

Benoît alikuwa mutu wa akili. "Na wakipasua ganda nene kwa makusudi? Gogo zima litakuwa ganda."

"Nitapima mimi mwenyewe. Likipita vidole viwili, linarudi jikoni, na wao wanalibeba."

Benoît akazungusha kalamu kidogo. Haikuwa ndani ya maandiko ya Kampuni. Kisha akasema, "Maganda tu. Na mimi sikukusikia."

Siku ya Kwanza ya juma la ine, Honoré hakuwaacha wasimame kwa mustari. Akawakalisha juu ya magogo, naye akakaa kati yao.

"Kila mutu aniambie: unataka kupasua nini? Si ya Kampuni. Yako."

Wanaangaliana. Wanafikiri ni mutego.

"Ubao wa ganda wa kila gogo ni wenu," Honoré akasema. "Shefu hakunisikia kusema vile, na nyinyi hamukunisikia."

Nestor akainua kichwa. "Hata mulango?"

"Hata mulango. Juu ya nini mulango?"

"Mbuzi, Fundi. Bibi yangu iko na mulango wa matete. Mbuzi wanaingia, wanakula maharagi ndani ya kikapo. Bibi anasema mimi niko kazini kwa wazungu na mbuzi njo mwenye nyumba."

Wakacheka, na kicheko kile kikafungua midomo. Mwengine anataka kitanda. Mwengine meza ya kuuzia chumvi. Gustave alingoja mpaka mwisho, akasema akiangalia chini:

"Benchi. Baba-mukwe akija kututembelea anakaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Yeye hasemi kitu. Lakini kila akija, anakipangusa kwanza kwa kitambaa, pole pole, watu wote waone."

"Eh! Huyo muzee ni mubaya," Nestor akasema.

"Sasa liste imekwisha," Honoré akasema. "Kila mutu ajichagulie mwenzake."

Wakasimama, wakaanza kutafutana kama watu wanaochagua mbuzi sokoni. Na Nestor akamwendea nani? Gustave. "Nakutukana kila siku, kaka," akamwambia, "lakini unavuta vizuri. Mikono yako inafika mbali. Tuanze na mulango wangu, kisha benchi yako."

"Tuanze na benchi."

"Mbuzi wanakula leo, kaka. Baba-mukwe anakuja Noeli."

Gustave akafikiri, akaona ni kweli.

Honoré akavua shati, akaingia mwenyewe ndani ya shimo lao. "Gustave, panda juu. Usisukume. Mimi wa chini njo ninakata, wewe unanirudishia tu musumeno, na macho yako yasitoke kwenye mustari." Wakapasua urefu wa hatua moja, unga wa mbao unamwangukia Honoré kichwani. Kisha akatoka, mweupe kama mutu wa kutoka kwenye kinu. "Unaona? Sijaimbiwa. Nestor, ingia. Mukifika pale kwenye alama, mubadilishane. Wa juu anakuja chini, wa chini anapanda. Hakuna mutu wa juu na mutu wa chini hapa, kuna zamu."

Alipita hivyo kwenye mashimo yote sita, kila moja akaingia mwenyewe kwanza. Juma lile kengele ya saa sita ililia na watu wakamaliza kwanza alama yao. Ubao wa ganda ulikuwa wa kwanza kwenye kila gogo, basi walijifunzia juu ya ule wao, na mutu hapendi kupotosha mulango wake mwenyewe. Walipofika kwenye mbao za Kampuni, mikono ilikuwa imekwisha kujua. Honoré alipita na kijiti chake cha kupimia, na mara moja tu alirudisha ganda jikoni. Lilikuwa la Nestor, lenye vidole vitatu.

"Fundi, ni mbuzi wakubwa," Nestor akalalamika, na akalibeba.

Siku ya mwisho ya juma la sita, mufereji ulikuwa umesimama juu ya miguu yake toka kijito mpaka pale wanapooshea madini, hatua mia na zaidi. Direkteri akaja, Mubeleji muzee mwenye kiko mudomoni, na Benoît nyuma yake, shati limelowa jasho. Wale kumi na wawili walisimama mbali kidogo. Hakuna aliyewaita. Walikuja.

Wakafungua maji. Yakashuka, yakajaza mufereji, na chini, kwenye maungio, yakaanza kudondoka. Tone hapa, tone pale, kisha mustari wa matone urefu wote.

Benoît akafunga macho. Direkteri akatoa kiko mudomoni, akaonyesha matone.

"Inamwangika, monitere."

"Inakunywa, Bwana," Honoré akasema.

"Inakunywa?"

"Mbao ni kavu, inasikia kiu. Ikishiba itavimba, itajifunga yenyewe. Ingekuwa imepasuliwa mubaya, maji yangetoka kama mukojo wa ng'ombe, wala tusingekuwa tunaongea hapa. Kaa, Bwana. Vuta kiko chako."

Alisema kama mutu anayemwambia mugeni chakula kiko karibu kuiva. Direkteri akamwangalia, kisha akakaa juu ya gogo. Honoré naye akakaa. Gustave na Nestor walikuwa wanahesabu matone kwa sauti ndogo, wakapoteza hesabu, wakaanza upya, wakagombana nani alipoteza. Kiko kikafika nusu. Matone ya juu yakakauka kwanza, kwa kuwa kule maji yalifika mapema, kisha ya katikati. Kiko kilipozimika, tone moja tu lilikuwa limebaki, karibu na mwisho kabisa. Direkteri akainuka, akalishika kwa kidole, akapangusa ubao, akangoja. Halikurudi.

"Benoît," akasema, "andika kontra," na akaenda zake.

Ofisini, Benoît alichapa kwa mashini kwa vidole viwili, uso mukali, lakini meno yanaonekana. Jina. Namba. Kazi: monitere wa wapasuaji. Akasukuma karatasi.

"Weka sahihi, Papa, kabla Direkteri hajasahau."

Honoré hakushika kalamu. "Bado kitu kimoja. Andika kwamba watu wa kufundishwa wataulizwa kwanza. Mwenye hataki, asiletwe."

"Hakuna nafasi ya hiyo kwenye fomu."

"Iko. Hapo chini, pale peupe."

Benoît akapumua, akachukua karatasi, akaandika kwa mukono, mustari mumoja, akatia muhuri juu yake ili ionekane ni ya Kampuni. Honoré akausoma pole pole, neno kwa neno, maana kusoma kwake kulikuwa kwa pole pole. Kisha akatia sahihi.

Nje, lori la Masisi lilikuwa limewashwa. Honoré akakimbia, akashika mulango wa dereva.

"Utapita Kashuga?"

"Kesho asubuhi."

"Mwambie Mama Hélène, nyumba iko. Ya matofali, vyumba vitatu, nyuma iko na udongo muzuri. Aje na watoto wote wane kwa lori lako, ukirudi."

"Ni hayo tu?"

Honoré akafikiri, mukono bado kwenye mulango.

"Aje na mbegu za maharagi," akasema. "Mwambie tutapanda mwezi huu. Mimi mwenyewe njo nitapalilia."

Dereva, mwenye alimujua miaka mingi akimubeba toka huku mpaka huku, akamwangalia vizuri kuona kama anacheka. Hakuwa anacheka. Basi akaingiza gia, akaenda kupeleka neno.